Shahidi au Shujaa? Juu ya Ukumbusho wa Mfalme Gustav Adolf

Katika Makanisa ya Kiprotestanti ya Ulaya ya Kaskazini iko desturi moja ambayo waalimu wetu wengi wameisikia kwa jina tu, nayo ni ukumbusho wa tarehe 6 Novemba, siku aliyouawa Gustav Adolf, mfalme wa Uswidi, katika vita ya Lützen mwaka 1632. Katika Uswidi bendera hutwekwa siku hiyo. Katika Ufini watu wasemao Kiswidi wameifanya tangu mwaka 1908 kuwa siku ya lugha yao. Na huko Lützen penyewe, mji mdogo wa Ujerumani usio mbali na Leipzig, watu hukutana kila mwaka penye jiwe lionyeshalo mahali pa kifo chake. Husali, huimba, huweka mashada ya maua. Tumeona vema kuipima desturi hii, na kuuliza ni kitu gani hasa kinachokumbukwa pale, na ni kwa maneno gani mwalimu wa Kiswahili ataweza kuieleza mbele ya wanafunzi wake asiwapoteze. Swali la maneno si dogo, kama msomaji atakavyoona.

Kwanza habari zenyewe kwa ufupi, kwa ajili ya wasiozijua. Gustav Adolf alizaliwa Stockholm mwaka 1594, akashika ufalme mwaka 1611 akiwa kijana wa miaka 16. Ujerumani ilikuwa katika vita tangu 1618, vita ile iitwayo ya Miaka Thelathini, na Kaizari Ferdinand II, aliyekuwa Mkatoliki, alitoa amri mwaka 1629 kwamba Waprotestanti warudishe mali za Kanisa walizozitwaa tangu mwaka 1552. Mfalme alivuka bahari ya Baltiki mwaka 1630, akashuka pwani ya Pomerania na jeshi lake. Mwaka 1631 aliwashinda adui huko Breitenfeld, na mwaka uliofuata akafika hata München. Mwezi wa Novemba 1632 Wallenstein, jemadari wa Kaizari, alidhani kwamba vita vya mwaka ule vimekwisha kwa ajili ya baridi, akaanza kuwatawanya askari wake katika makambi. Ndipo mfalme akamwendea ghafula. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, hata mapigano yakachelewa. Mfalme, ambaye macho yake hayakuona mbali, aliwaongoza wapanda farasi wa Småland kwenda kuwaokoa askari wa miguu waliokuwa wakielemewa, akatengana na wenziwe katika ukungu na moshi, akapigwa risasi, akaanguka, akauawa na kuvuliwa nguo zake. Farasi wake alionekana akikimbia mtupu. Jeshi likaendelea kupigana hata giza chini ya Bernhard wa Saxe-Weimar, na Wallenstein akauacha uwanja usiku ule.

Hayo ndiyo yaliyokuwa. Mengine yote ni kazi ya watu waliokuja nyuma.

Hata tarehe ina neno lake. Siku hizo nchi za Kiprotestanti zilishika bado kalenda ya kale, na nchi za Kikatoliki zilikuwa zimekwisha kuipokea kalenda mpya. Kwa hiyo siku iliyokuwa tarehe 6 kwa Waswidi ilikuwa tarehe 16 kwa Kaizari. Uswidi iliipokea kalenda mpya mwaka 1753, walakini ukumbusho haukuhamishwa. Ukabaki tarehe 6. Mtu wa hesabu atasema kwamba wamepungukiwa na siku 10. Sisi hatuwalaumu. Mjane hukumbuka siku aliyoambiwa kwamba mumewe amekufa, wala haendi kwa mnajimu kuisahihisha.

Tutazame sasa mahali penyewe. Jiwe la Lützen ni jiwe tupu, lisilochongwa sanamu, lenye herufi mbili za jina la mfalme na mwaka wa kifo chake. Kwa muda wa miaka 200 lilikaa kando ya njia bila heshima kubwa zaidi ya hiyo. Mwaka 1832, ulipotimia mwaka wa 200, watu wengi walikutana hapo, ikaazimiwa kumfanyia mfalme ukumbusho ulio mkubwa zaidi. Na mwaka 1837 likasimamishwa juu ya jiwe paa la chuma lenye nguzo, kwa mfano uliochorwa na Schinkel, mjenzi mashuhuri wa Prussia. Mwaka 1907 likaongezwa kanisa dogo kwa fedha za Oscar Ekman na mkewe, watu wa Göteborg. Basi jiwe likapata paa, na paa likapata kanisa kando yake. Mambo haya hayakuja na mfalme, yalikuja na wajukuu wa wajukuu zake, katika karne ambayo kila taifa la Ulaya lilikuwa likitafuta mahali pa kusimamisha bendera yake.

Hapa hatuna budi kusema jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Wamisionari walioleta Injili Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa kutoka Leipzig, na kutoka Leipzig hata Lützen ni mwendo wa siku moja kwa miguu. Katika milima ile walikuta watu wenye makaburi ya wazee katika kihamba, chini ya migomba, yenye masale yaliyopandwa kuwa alama. Walikuta watu wanaokwenda mahali hapo kwa majira yake, mkubwa wa ukoo akiwatangulia. Wengi katika wazee wetu waliambiwa waache. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya haki: tambiko ni kusema na aliyekufa, kumwomba, kumpa pombe na mbuzi ili asikasirike, na Mkristo hana ruhusa ya kumwomba yeyote ila Mungu. Penye jiwe la Lützen hakuna amwombaye mfalme, wala hakuna amwogopaye. Tofauti hii ni ya kweli, nasi twaishika.

Lakini tukiitoa tofauti hiyo, yanayobaki yanafanana mno kuliko tulivyofundishwa. Kuna mahali palipotengwa kwa sababu damu ilimwagika pale. Kuna siku isiyohamishwa. Kuna jamaa wanaokuja kutoka mbali, wakubwa wao wakiwatangulia, na mimea inayowekwa juu ya jiwe. Kuna hisia kwamba aliye hai ana deni kwa aliyelala. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyekaa miaka mingi Moshi ya Kale na kuandika habari za Wachagga kuliko mtu yeyote wa siku zake, aliona kwamba vifungo vya ukoo na ujirani havikuwa adui wa Kanisa, bali vingeweza kuwa msingi wake. Wengine hawakumwelewa. Sisi twadhani kwamba mtu aliyesimama penye jiwe la Lützen tarehe 6 Novemba na kuvua kofia yake angepaswa kuwa mpole zaidi alipouona mmea wa sale juu ya kaburi, akauliza kwanza wanaokuja hapo wanasema nini kabla ya kuukata.

Tufike sasa penye neno lililo shida kuliko yote. Wahubiri wa Kiprotestanti wa siku zile, na wengi waliowafuata, walimwita mfalme huyu shahidi wa imani. Walimlinganisha na Gideoni na Yuda Makabayo. Katika picha zilizouzwa mitaani alichorwa kama simba atokaye kaskazini. Je, tukiyafasiri maneno hayo tuandike shahidi?

Katika Kiswahili neno hili lina matawi matatu. Tawi la kwanza ni la barazani: shahidi ni mtu aliyeona jambo, akaletwa mbele ya kadhi kulisema. Tawi la pili ni la Waislamu, ambao kwao aliyeuawa akipigana katika njia ya dini ni shahidi, na kufa kwake upanga mkononi hakumpunguzii jina hilo, bali ndiko kunakompa. Tawi la tatu ni la Wakristo, ambao wafasiri wao walilichagua neno hili kwa sababu katika Kiyunani pia neno moja hutumika kwa aliyeona na kwa aliyeuawa kwa ajili ya alichokiona. Na Stefano, wa kwanza wao, hakushika jiwe hata moja. Wasomaji wetu wa Uganda hawahitaji kuelezwa. Vijana waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki kwa Waprotestanti, hawakuwa na jeshi. Siku hizi waandishi wengine hupendelea neno mfiadini, ili kulitenga tawi hili la tatu na yale mengine, nasi twaona ni neno jema.

Sasa mwalimu akisema mbele ya darasa la pwani kwamba Gustav Adolf alikuwa shahidi, wanafunzi watamwelewa upesi sana, na hapo ndipo penye hatari. Watadhani kwamba Wakristo nao hufundisha kwamba afaye akiwa na upanga kwa ajili ya dini amekwisha kupata taji. Na tukisema kweli, hivyo ndivyo walivyokusudia wahubiri wengi wa mwaka 1632. Lugha yetu hapa imekuwa mwaminifu kuliko lugha zao: inatuonyesha wazi kitu ambacho wao walikificha ndani ya neno lao moja. Kwa hiyo twasema kwamba jina la shahidi halimfai mfalme huyu, na mfiadini halimfai zaidi.

Mtu atatujibu: Je, hakufa kwa ajili ya imani? Jibu si fupi. Tangazo alilolitoa mwaka 1630 kueleza kwa nini ameingia Ujerumani lilisema zaidi juu ya matusi aliyotendewa na hatari ya adui kushika bandari za Baltiki. Juu ya dini lilisema kidogo sana. Mwezi wa Januari 1631, huko Bärwalde, alifanya mapatano na Ufaransa, nchi ya Kikatoliki iliyoongozwa na Kardinali Richelieu, kwamba atapewa riksdaler 400,000 kila mwaka ili aweke askari wa miguu 30,000 na wapanda farasi 6,000. Naye akaahidi kutoisumbua ibada ya Kikatoliki mahali atakapoikuta. Mtetezi wa Waprotestanti alilipwa na kardinali. Na mwaka 1648, vita ilipokwisha, Uswidi ilipokea Pomerania ya Magharibi, na Bremen, na Verden, pamoja na fedha nyingi za kuwalipa askari wake. Shahidi hapewi bandari.

Lakini tusimdhulumu. Kwamba alikuwa mtu wa sala hakuna sababu ya kukana. Na Waprotestanti wa Ujerumani walikuwa na haja ya msaada kweli kweli: mwezi wa Mei 1631 mji wa Magdeburg ulitekwa na majeshi ya Kaizari na ya Wakatoliki, ukachomwa, wakafa watu wapatao 20,000. Baada ya habari hizo yeyote aliyekuja na jeshi angeonekana kama malaika. Watu waliomlilia mfalme mwaka 1632 hawakuwa wanafiki, wala hatuwacheki. Twasema tu kwamba shukrani ni kitu kimoja na utakatifu ni kitu kingine, na ukumbusho huu umevichanganya.

Mfano mmoja waonyesha jinsi mchanganyiko huo ulivyofanyika. Husimuliwa kwamba asubuhi ya vita mfalme alikataa kuvaa dirii kwa sababu alimtumaini Mungu peke yake. Masimulizi haya yamehubiriwa mara nyingi. Lakini mfalme alikuwa amepigwa risasi karibu na shingo huko Dirschau mwaka 1627, na risasi ile haikutolewa. Tangu hapo dirii ya chuma ilimwumiza, akavaa koti la ngozi nene tu. Jeraha likageuzwa kuwa fundisho la imani. Sisi tungependa kuhubiriwa jeraha lenyewe: mfalme mwenye maumivu, asiyeona mbali, akiingia katika ukungu kwa sababu askari wake wa miguu wanauawa. Habari hiyo yatosha, haihitaji kupambwa.

Ndivyo ilivyo na wimbo wa kanisani uitwao kwa jina lake, ambao huimbwa katika ukumbusho. Watu walipenda kuamini kwamba mfalme aliutunga mwenyewe, kama Daudi. Wachunguzi wameuelekeza zaidi kwa Johann Michael Altenburg, mchungaji wa Thuringia, au kwa Jakob Fabricius, mhubiri wa jeshi. Hatuoni hasara yoyote. Wimbo mzuri wa mchungaji wa kijijini si duni kuliko wimbo wa mfalme.

Ama lile koti la ngozi, habari yake ni bora kuliko zote zinazofuatana na siku hii, nasi tutakaa nalo kidogo. Askari wa Kaizari walilivua maitini, likapelekwa Vienna, mji wa Kikatoliki, likawekwa kama nyara za vita. Lilikaa huko karibu miaka 300. Baada ya vita kuu ya 1914 hata 1918 watu wa Austria walikuwa na njaa, na Msalaba Mwekundu wa Uswidi ukawasaidia. Ndipo mwaka 1920 Austria ikalirudisha koti Stockholm kuwa shukrani. Leo limo katika jumba la hazina za silaha za wafalme, pamoja na farasi Streiff, ambaye ngozi yake ilijazwa na kusimamishwa. (Msomaji atacheka, lakini ni kweli.) Watu waliovunja masanduku ya mifupa ya watakatifu katika makanisa yao sasa wanatunza koti lenye matundu ya risasi na farasi aliyejazwa. Tumeyasema hayo bila ukali, kwa maana mwanadamu hupenda kuona na kugusa. Linalotupendeza ni kurudi kwenyewe. Nguo iliyoporwa kwa damu ilirudishwa kwa mkate, na Wakatoliki ndio waliowarudishia Waprotestanti. Kama siku ya 6 Novemba inahitaji somo la kusomwa hadharani, habari ya mwaka 1920 ingefaa kuliko habari ya mwaka 1632.

Lawama yetu kubwa haihusu mfalme. Yahusu wale wasiotajwa. Jeshi lililompeleka Lützen halikuwa la watu wa hiari wote. Katika Uswidi wanaume waliandikishwa vijijini, na kazi ya kuandika orodha ya wanaume waliotimiza umri wa miaka 15 ilikuwa juu ya mchungaji wa usharika. Jambo hili litawachoma wasomaji wetu walio wachungaji, nalo yapasa liwachome. Mtu yule yule aliyebatiza na kuandika jina kitabuni ndiye aliyelitoa jina hilo kwa maofisa wa mfalme. Mwanachuoni wa Uswidi, Jan Lindegren, alizichunguza orodha za usharika mmoja wa kaskazini uitwao Bygdeå. Kati ya mwaka 1621 na 1639 vijana 230 walitolewa hapo kwenda vitani Poland na Ujerumani. Waliokufa ni 215. Watano walirudi nao ni vilema. Kumi waliobaki walikuwa bado jeshini. Wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa homa na kuhara katika ngome walizowekwa kulinda. Usharika ule haukupata jiwe lenye paa la chuma.

Katika mwaka 2011 wachunguzi wa mambo ya kale waliofukua uwanja wa Lützen waligundua kaburi moja lenye maiti 47. Walilitoa zima pamoja na udongo wake, likaonyeshwa Halle kuanzia 2015. Hawa walikuwa wamevuliwa nguo, kama mfalme alivyovuliwa; wengi walikuwa wamepigwa risasi, kama yeye; na baadhi yao walikuwa vijana sana. Hakuna ajuaye majina yao. Kwa karibu miaka 380 watu walikuja kila mara kuweka maua kwa ajili ya mmoja katika uwanja ule ule walimolala hawa. Peter Wilson, katika kitabu chake juu ya Lützen kilichotoka mwaka 2018, ameonyesha kwamba vita ile yenyewe haikuamua mambo makubwa kama watu walivyodhani baadaye, na kwamba kifo cha mfalme na ukumbusho wake ndivyo vilivyoikuza. Sisi twakubali, na twaongeza kwamba kaburi la 47 limeuhukumu ukumbusho kuliko kitabu chochote.

Wako na wengine wasiotajwa, yaani wakulima wa Ujerumani. Wajerumani wana wimbo wa kulaza watoto ambao mtoto huambiwa asali, kwa maana kesho Mswidi atakuja, na jina la Oxenstierna, waziri mkuu wa mfalme, limetajwa humo kuwa la kuogopesha. Wana pia jina la mateso, "kinywaji cha Kiswidi", yaani kumnywesha mtu maji ya uchafu kwa nguvu hata aonyeshe alikoficha mali yake. Basi taifa moja lina kanisa dogo linalomshukuru Mswidi na wimbo wa kitandani unaomwogopa. Mwenye kuandaa ibada ya tarehe 6 Novemba aliyesikia wimbo huo utotoni mwake hana udhuru. Schiller, mshairi aliyeandika historia ya vita ile mwishoni mwa karne ya 18, alithubutu kusema kwamba mfalme alikufa kwa wakati unaofaa, kwa sababu kama angaliishi angaligeuka kuwa bwana wa wale aliokuja kuwaokoa. Ni neno gumu, lakini Schiller alikuwa Mprotestanti, naye hakulisema kwa chuki.

Baada ya hayo yote msomaji atadhani kwamba twataka siku hii iachwe. La. Kuna tunda moja lililotoka humo ambalo hatuwezi kulipita. Katika mwaka ule ule wa 1832, watu walipokusanyika kwa ajili ya jiwe, Großmann, msimamizi wa makanisa ya Leipzig, alitoa shauri kwamba ukumbusho wa mfalme uwe mfuko wa kuwasaidia Waprotestanti walio wachache na waliotawanyika katika nchi za watu wa madhehebu mengine, wasio na kanisa, wala shule, wala mchungaji. Zimmermann wa Darmstadt alitoa mwito kama huo mwaka 1841, na mwaka 1842 mambo hayo mawili yakaunganishwa. Chama hicho cha Gustav Adolf kingaliko Leipzig hata leo. Twaomba waalimu walinganishe: mwaka mmoja, mkutano mmoja, mashauri mawili. Shauri moja likazaa paa la chuma. La pili likazaa mapaa ya makanisa madogo mahali pengi ambako mfalme hakufika kamwe na ambako hakuna aliyesikia sauti ya mizinga yake. Kama ni kumheshimu mfu, sisi twaona kwamba mchango wa pili ulimheshimu zaidi, kwa sababu ulichukua lile lililokuwa jema katika shauri lake, yaani kuwasaidia wachache, ukaliacha jeshi nyuma.

Tusisahau andazi. Huko Göteborg, mji alioujenga mfalme, siku hiyo hula keki ndogo zenye sura yake juu yake. Wako wanaoona kwamba ni mzaha. Sisi tumeshuhudia watu wakila vizuri katika matanga ya kila dini, wala hatukuona kwamba marehemu alipungukiwa na heshima.

Imebaki kusema jinsi mwalimu atakavyoieleza siku hii kwa Kiswahili. Asiseme sikukuu, kwa maana sikukuu ni furaha. Asiseme hitima, ambayo ni ya Waislamu na ina kisomo chake. Kumbukumbu yafaa, ila siku hizi limezoezwa kwa maandishi ya mikutano. Ukumbusho ni bora. Asiseme pia "mfalme aliyeanguka", kwa sababu katika masikio ya wengi mfalme akianguka ameondolewa katika kiti chake, au ameshikwa na kifafa. Na aseme "mfalme aliyefia vitani". Shujaa aweza kumwita akitaka, kwa kuwa neno hilo lasifu moyo wa mtu bila kuihukumu sababu ya vita yake. Basi iwe hivi: Ukumbusho wa Gustav Adolf, mfalme aliyefia vitani. Jina hilo halimwongezei kitu wala halimpunguzii.

Mwaka 2032, tarehe 6 Novemba, itakuwa Jumamosi, nayo miaka 400 itatimia. Bila shaka wageni wakubwa watakuja Lützen, na hotuba zitakuwa nyingi. Kama tungeulizwa shauri, tungesema kwamba baada ya jina la mfalme kutajwa mara moja, hotuba moja ipunguzwe, na mahali pake zisomwe orodha za Bygdeå. Wale 47 hawana majina, lakini vijana wa Bygdeå wanayo, kwa kuwa yaliandikwa walipotolewa. Kuyasoma majina 215 kwa sauti ya kawaida, bila haraka, hakuzidi robo saa.